Muganza: Mtandao umevuka mpaka, lakini laini iko kwa jina la nani?

Katika tambarare ya Bugarama, kusini kabisa mwa wilaya ya Rusizi, nchi tatu zinakutana. Ng'ambo ya mto Rusizi iko Kamanyola, mkoa wa Kivu Kusini. Ng'ambo ya mto Ruhwa ni Burundi. Umurenge wa Muganza uko katika eneo hilo la joto na mpunga, na watu wake wanategemea mambo matatu: mashamba ya bondeni, kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na biashara inayovuka mpaka. Zamani mambo yote matatu yalimtaka mtu asafiri, apange foleni na asubiri majibu. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inaanzia kwenye simu.

Badiliko hilo ni la kweli, na faida zake zinaonekana kwa macho. Hata hivyo, kuna swali linalowagusa moja kwa moja wakimbizi, na pia majirani zao wenyeji: simu hiyo, laini hiyo na akaunti hiyo ya pesa ni za nani kwa maandishi? Katika eneo letu watu wengi wanaobaki nyuma leo wana mnara karibu yao. Wanachokosa ni laini yenye jina lao.

Mtandao ulivyofika

Rwanda haina bahari. Kwa miaka mingi intaneti ilikuja kwa satelaiti, ilikuwa ghali, na watu wachache tu mijini ndio walioimudu. Mwaka 2009 na 2010 nyaya kubwa za chini ya bahari, SEACOM, TEAMS na EASSy, zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam uwezo huo ulipandishwa bara, na Rwanda ikatandaza nyaya zake hadi wilayani. Novemba 2014 ilizinduliwa huduma ya 4G kupitia kampuni moja iliyoshirikisha serikali na KT ya Korea Kusini. Kampuni nyingine za simu zililazimika kununua 4G kwake kwa jumla ndipo ziwauzie wateja. Mpango huo ulilegezwa, na mwaka 2023 MTN Rwanda ilianza kujenga na kuuza 4G yake yenyewe.

Hata hivyo, kilichobadilisha maisha ya watu wengi kwanza kilikuwa pesa kwa simu. Kenya ilianza na M-Pesa Machi 2007. Rwanda ilipata MTN Mobile Money, ambayo wote tunaiita MoMo, mwaka 2010. Huduma hii haihitaji intaneti wala simu ya gharama: simu ndogo ya vitufe inatosha kubonyeza *182#. Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini, Benki Kuu ya Rwanda ilitangaza kwamba ada za malipo kwa simu zinafutwa kwa muda ili watu wapunguze kushikana noti. Wengi waliokuwa wanaitumia MoMo mara moja kwa mwezi walijifunza kuitumia kila siku, na hawakurudi nyuma hata ada ziliporejea. Mwaka 2022 mfumo wa eKash ukaanza kuwezesha pesa kupita kati ya mtandao mmoja na mwingine.

Baadaye zikaja simu zenyewe. Kampeni ya Connect Rwanda ilianza Desemba 2019 kwa michango ya watu na makampuni. Awamu ya pili, ya mwaka 2023, ilileta simu za 4G kwa bei ya ruzuku ya faranga 20,000. Kwa mkulima wa Muganza hizo ni pesa nyingi, lakini mtu anaweza kuziweka akiba kidogo kidogo akazifikia.

Soko linavyofanya kazi sasa

Mfano rahisi ni mwanamke anayenunua nyanya au mpunga kwa wakulima na kuuza upande wa pili wa mpaka. Zamani alibeba mzigo bila kujua bei ya siku hiyo. Akifika akakuta soko limejaa, aliuza kwa hasara, kwa sababu kurudi na mzigo ni gharama nyingine. Sasa anatuma ujumbe wa sauti usiku, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Mashi, na asubuhi anajua kama aende au asubiri. Hahitaji kujua kuandika. Ujumbe wa sauti umewaingiza kwenye biashara ya mtandao watu ambao barua na maandishi yaliwaacha nje.

Malipo nayo yamebadilika. Kwenye maduka na vibanda vingi utaona namba ya MoMoPay imebandikwa ukutani. Muuzaji halali na noti nyumbani, na mnunuzi hapotezi muda akitafuta chenji. Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana: kila malipo yanaacha kumbukumbu. Mfanyabiashara mdogo asiyekuwa na daftari anaweza kufungua simu na kuona ameuza kiasi gani kwa mwezi. Anapoomba mkopo, kumbukumbu hiyo ndiyo inayomsemea.

Kwenye biashara ya saruji mambo ni hayo hayo. CIMERWA ilizindua kiwanda chake kipya Agosti 2015, na uwezo wake ukapanda kutoka tani 100,000 hadi tani 600,000 kwa mwaka. Saruji hiyo inauzwa Rwanda na pia huvuka kwenda Congo, na kabla ya mpaka kufungwa ilivuka pia kwenda Burundi. Kiwanda kikubwa kinavuta madereva, wapakiaji, mama lishe, mafundi na wauza vocha. Kazi nyingi hizo ndogo zinapatikana kwa kupigiwa simu: aliye na namba inayopatikana anaitwa, na asiyepatikana nafasi yake inachukuliwa na mwingine.

Lakini ni lazima tuwe wakweli kuhusu mipaka ya jambo hili. Mtandao unasafirisha habari na pesa, ila gunia la mchele bado linahitaji barabara. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Covid. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na biashara iliyokuwa inapita Ruhwa ikakatika. Mwanzoni mwa Desemba 2025 mapigano yalifika Kamanyola na familia zikavuka kukimbilia Bugarama. Kila mara ilipotokea hivyo, wafanyabiashara waliendelea kuandikiana na kujuliana bei za bidhaa ambazo hazingeweza kupita. Anayejenga biashara yake yote juu ya mteja mmoja wa ng'ambo, kwa sababu tu wanawasiliana vizuri kwa simu, ajue kwamba mawasiliano mazuri hayafungui mpaka.

Benki zilipofungwa ng'ambo

Mwaka 2025 ulitupa somo lingine kubwa. Mwishoni mwa Januari mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Benki za miji hiyo miwili zilifunga milango. Wafanyakazi, walimu na wafanyabiashara walikuwa na pesa kwenye akaunti, ila hawakuweza kuzitoa. Aprili 2025 M23 ilitangaza kufungua tena tawi la CADECO mjini Goma, lakini benki za kawaida hazikurudi kwa sababu hiyo.

Katika hali hiyo pesa kwa simu, yaani M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money na Orange Money, zikawa ndiyo benki ya mtu wa kawaida. Ndugu aliyeko Kinshasa, Kampala au Ulaya aliweza kutuma na pesa zikafika. Bila njia hiyo, nyumba nyingi zingelala njaa.

Hata hivyo, kupokea ujumbe wa pesa na kushika noti ni mambo mawili tofauti. Wakala wa pesa anahitaji noti, na noti hutoka benki. Benki zikifungwa, noti zinakauka. Mawakala wakaanza kukata zaidi ya ada ya kawaida, na mwenye haja kubwa hakuwa na nguvu ya kubishana. Watu wa Goma waliokuwa na uwezo walivuka hadi Gisenyi kutafuta huduma za benki.

Wasomaji wetu wengi wana ndugu Bukavu, Uvira, Kamanyola au Goma, na somo hili linawahusu wote. Pesa za simu zinategemea noti zilizo kwenye droo ya wakala. Unapomtumia ndugu aliye kwenye eneo la vita, muulize kwanza kama kwa wakala wake kuna noti, na anakatwa kiasi gani. Mara nyingine ni afadhali kumlipia moja kwa moja muuza chakula au mwenye nyumba kwa simu kuliko kumtumia pesa atakazokatwa akizitoa.

Kati ya Rwanda, Congo na Burundi kuna pia njia isiyo rasmi. Mtu anatoa faranga upande huu, na mwenzake wa dalali anamtumia ndugu yako pesa upande ule kwa simu. Njia hii ni ya haraka na inasaidia pale ambapo njia rasmi hazipo. Hatari yake ni kwamba huna risiti. Dalali akikana, hakuna ofisi utakayokwenda ukiwa na ushahidi mkononi.

Jina kwenye laini

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa ripoti kuhusu wakimbizi na mawasiliano duniani. Ilikuta kwamba asilimia 93 ya wakimbizi wanaishi mahali penye mtandao wa simu wa angalau 2G. Lakini ilikuta pia kwamba asilimia 29 ya familia za wakimbizi hazikuwa na simu hata moja, na kwamba uwezekano wa mkimbizi kuwa na simu yenye intaneti ulikuwa nusu ya ule wa watu wengine. Kwa maneno mengine, mnara upo, ila mkimbizi hana kitu cha kuunganisha na mnara huo.

Mwaka 2019 chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilichapisha utafiti uliofanywa Jordan, Bidi Bidi nchini Uganda, na Kiziba hapa Rwanda. Ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wakimbizi katika sehemu zote tatu wanatumia simu. Ulionyesha pia jambo ambalo kila mtu kambini analijua: wengi hawatumii simu au laini yao wenyewe. Wanaazima kwa jirani, kwa ndugu, au wananunua laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Na wanawake wako nyuma ya wanaume.

Sababu ni nyingi, lakini ya kwanza ni kitambulisho. Katika nchi zetu zote laini haiuzwi bila kusajiliwa. Hapa Rwanda mkimbizi mwenye kitambulisho cha mkimbizi anaweza kusajili laini kwa jina lake. Shida iko kwa aliyefika wiki iliyopita, aliyeko kituo cha muda kama Nyarushishi, ambaye karatasi zake bado. Mtu huyo ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kumpigia mume, mke au mtoto aliyepotezana naye njiani. Hawezi kusubiri. Anatafuta laini popote. Uganda ilikutana na shida hiyo hiyo, na Agosti 2019 mamlaka yake ya mawasiliano ikaelekeza kwamba kitambulisho cha mkimbizi na hata barua ya kuthibitisha hali yake vikubaliwe kusajili laini. Uamuzi wa ofisi moja uliwafungulia watu wengi, bila kujenga mnara hata mmoja.

Laini ya jina la mtu mwingine inaonekana kama msaada mdogo wa jirani kwa jirani. Shida huanza siku mambo yanapoharibika.

Kwanza, laini ikipotea au simu ikiibwa, anayeweza kurudishiwa namba ni yule aliyesajiliwa. Kama amehama, amesafiri au mmegombana, namba imekwenda, na pesa zilizokuwa ndani zimekwenda nayo.

Pili, kumbukumbu ya biashara tuliyoisifu hapo juu inajengeka kwa jina lake. Mkimbizi anaweza kuuza kwa miaka mitatu kwa MoMoPay na bado mbele ya mkopeshaji akawa mtu asiyejulikana. Huduma ya MoKash, iliyoanza Rwanda mwaka 2017, inatoa akiba na mikopo midogo kwa kuangalia matumizi ya laini. Anayeonekana kustahili mkopo ni mwenye jina.

Tatu, na hili liwafikie ndugu zetu wenyeji: mwenye jina ndiye anayebeba lawama. Laini uliyomsajilia mtu kwa huruma ikitumika kutapeli, polisi watakuja kwako. Mkopo ukichukuliwa na usilipwe, jina lako ndilo linaloharibika. Kumsajilia mtu laini ni kama kumdhamini, tena bila kuandikiana chochote. Urafiki mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji umevunjika kwa jambo hili, na pande zote mbili zikabaki na manung'uniko ya haki.

Mlango wa huduma za serikali

Swali la jina halikomei kwenye pesa. Julai 2015 serikali ya Rwanda ilianzisha Irembo, neno la Kinyarwanda linalomaanisha lango la kuingilia nyumbani. Kupitia Irembo mwananchi anaomba vyeti na huduma nyingi ambazo zamani zilimpeleka ofisi hadi ofisi. Kwa mtu wa Muganza hilo linamwokolea nauli ya kwenda Kamembe na siku nzima ya kazi. Asiyejua kutumia kompyuta anasaidiwa na mawakala waliopo vijijini kwa malipo kidogo.

Lakini huduma nyingi zinaanza kwa kuingiza namba ya kitambulisho. Mwenye namba anapita, na asiye nayo anarudi kwenye foleni ya zamani, ambayo sasa ina watu wachache na maafisa wachache wa kuihudumia. Hii ndiyo hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Huduma inapohamia mtandaoni, aliyebaki nje anakuwa mbali zaidi kuliko alivyokuwa, kwa sababu hata ile njia ya mguu inaanza kuota nyasi.

Habari njema ni kwamba Rwanda inaandaa mfumo mpya wa kitambulisho kimoja cha kidijitali, na sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Mfumo huo umekusudiwa kuwahusu pia watoto wachanga, wageni wanaoishi nchini, wakimbizi na watu wasio na uraia. Ukitekelezwa kama ulivyopangwa, unaweza kuondoa sehemu kubwa ya tatizo tunalolieleza hapa. Kipimo chake kitakuwa muda: mtu aliyevuka mto leo atasubiri siku ngapi kabla ya kuwa na namba?

Bei na lugha

Jina likipatikana, vikwazo vingine vinabaki. Kifurushi cha intaneti kinashindana na unga, sabuni na mafuta ya kupikia. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya msaada wake wa nje, na mashirika yanayohudumia wakimbizi yakapunguza kazi zao. Familia iliyopunguziwa msaada inakata megabaiti kabla ya kukata chakula, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo, mara nyingi kukata mawasiliano ni kukata pia vibarua, wateja na habari za ndugu.

Walio karibu na mpaka wana gharama nyingine iliyojificha. Simu iliyo Bugarama inaweza kushika mnara wa Congo au Burundi bila mwenyewe kujua, na salio likaliwa kwa bei ya rominga. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kushusha gharama hizo kati yao, lakini Congo na Burundi hazikuwemo katika mpango huo ulipoanza. Dawa yake ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya simu, zima rominga ya intaneti, na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Lugha nayo ni ukuta. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na hapa Bugarama kinazungumzwa sokoni kila siku. Lakini menyu nyingi za huduma za simu na za serikali ziko kwa Kinyarwanda, Kiingereza au Kifaransa. Mama aliyetoka Fizi au Walungu anayezungumza Kiswahili tu analazimika kumpa mtu mwingine simu yake ambonyezee, na pamoja na simu anampa namba ya siri. Hapo ndipo wizi mwingi unapoanzia.

Matapeli na uvumi

Mbinu za matapeli zimekuwa zile zile, na bado zinafanya kazi. Unapigiwa simu: "Nimekutumia pesa kwa makosa, tafadhali nirudishie." Ujumbe umeingia kweli, ila umeandikwa na mtu kwa mkono, haukutoka kwenye kampuni. Au unaambiwa jina lako limechaguliwa kuhamishiwa nchi ya tatu, lipia fomu kwanza. Tulirudie hili kwa sauti: UNHCR haitozi pesa kwa huduma yoyote, na nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu haiuzwi. Anayedai malipo ni mwizi, hata akitaja jina lako kamili na namba ya familia yako.

Ubaya wa pili ni uvumi. Wakati wa mapigano, ujumbe wa sauti unaosema kijiji fulani kimechomwa au mpaka fulani umefunguliwa unafika kwenye makundi mia kwa dakika chache. Watu wameuza mali zao kwa bei ya kutupa, na wengine wamerudi walikotoka mapema mno, kwa kuamini sauti ya mtu wasiyemjua. Mbele ya sheria pia ni hatari. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandaoni inaadhibu kusambaza uvumi unaotia watu hofu, na haimtofautishi mkimbizi na raia. Kusema "nimetumiwa tu, nami nikatuma" si kinga.

Nini kifanyike

Kwa mkimbizi, hatua ya kwanza ni kuhamisha biashara kwenye jina lako. Ukipata kitambulisho chako, siku hiyo hiyo nenda kasajili laini. Kama namba ya zamani inajulikana na wateja, mwombe mwenye jina mwende pamoja kwenye ofisi ya kampuni ya simu mkaulizie kuhamisha umiliki. Ikishindikana, anza namba mpya na uwaarifu wateja polepole huku ya zamani ikiwa bado hai. Usiache akiba yako kwenye laini isiyo yako hata kama mwenye jina ni rafiki wa kweli, kwa maana rafiki naye hufa, huhama na huibiwa kitambulisho. Namba ya siri usimpe mtu, hata mtoto wa nyumbani. Jifunze hatua tano tu: kuangalia salio, kutuma, kulipa, kutoa na kubadili namba ya siri. Anayejua hizo tano hahitaji kumkabidhi mtu simu.

Kwa mwenyeji, msaada bora kwa jirani mkimbizi ni kumsindikiza akasajiliwe, kumtafsiria menyu, na kumfundisha, badala ya kumwazima jina. Na kama umeshamsajilia mtu, zungumzeni sasa kabla ya tatizo, kisha mfunge laini hiyo kwa makubaliano baada ya yeye kupata ya kwake. Ukitapeliwa, au laini yenye jina lako ikitumika vibaya, toa taarifa mapema kwa kampuni ya simu na kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, kwa namba 166. Taarifa ya mapema ndiyo inayokutofautisha na mhalifu.

Kwa serikali, mashirika na kampuni za simu, yapo mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kukubali karatasi ya kwanza ya usajili wa mkimbizi kwa ajili ya laini, walau yenye kikomo cha pesa hadi kitambulisho kitakapotoka. La pili ni kuweka menyu za Kiswahili kwenye huduma za simu na za serikali, kwa kuwa lugha hiyo tayari ni rasmi. La tatu ni kuacha dirisha la huduma ya ana kwa ana likiwa wazi, lenye mtu wa kweli, hadi wa mwisho awe na namba.

Haya si maombi ya huruma. Mkimbizi anayelipwa na kulipa kwa jina lake anakopesheka na anaonekana. Mteja wa Muganza anamwamini, kampuni ya simu inampata kama mteja, na jirani mwenyeji anaondolewa mzigo wa udhamini ambao hakuwahi kuuomba. Anayefanya biashara kwa jina la kuazima, hata awe hodari namna gani, siku mwenye jina akilitaka anarudi alikoanzia.